Mraibu wa vilevi vingi asitibiwe kilevi kimoja

Katika familia nyingi za hapa Moshi, kijana anapogundulika kwamba ameharibikiwa, kikao cha ukoo hutaja kitu kimoja tu, yaani kile kinachoogopwa zaidi au chenye aibu kubwa zaidi. Akiwa anavuta unga, yaani heroini, itasemwa ni unga. Kama unga haupo, itasemwa ni bangi. Na akijulikana kuwa mlevi wa gongo, hakuna atakayeuliza habari za vidonge anavyomeza usiku ili apate usingizi. Ninaandika kwa sababu nimemuuguza mdogo wangu wa kiume, ambaye alikuwa akitumia mirungi, gongo, bangi, valiamu (vidonge vya kutuliza na kuleta usingizi) na mara kwa mara unga, vyote katika kipindi kimoja cha maisha yake, na nimeona kwamba tiba inayokiandama kilevi kimoja na kuvifumbia macho vingine inaweza kumweka mtu kwenye hatari ambayo hakuwa nayo alipokuwa bado kijiweni. Ninawaandikia hasa dada, mama, wake na baba wadogo ambao kesho au keshokutwa watamshika mtu wao mkono kumpeleka hospitalini au soba hausi, yaani nyumba ya kuachia vilevi.

Mdogo wangu alikwenda Mererani akiwa bado kijana mbichi, akawa mwanaapolo, yaani mchimbaji wa mgodini, kama walivyokwenda vijana wengine wengi wa Kilimanjaro na Arusha kutafuta tanzanite. Kule chini kazi haina usiku wala mchana, na aliyekuwa akisinzia alionekana mzigo kwa wenzake, kwa hiyo alijifunza kutafuna mirungi. Mirungi ni haramu kwa sheria ya Tanzania, lakini ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, ni zao halali, na hata katika milima ya Same imekuwa ikilimwa kwa kificho, hivyo upatikanaji wake haujawahi kuwa shida katika mikoa yetu hii miwili. Ndani ya majani yake mabichi mna kathinoni, kemikali ambayo kwa namna inavyouchangamsha ubongo iko jamii moja na amfetamini. Kathinoni hupungua nguvu haraka majani yanaponyauka, na ndiyo sababu vifurushi hufungwa kwa majani ya mgomba na kusafirishwa kwa haraka isiyo ya kawaida. Mtu aliyetafuna vya kutosha hali chakula, hapati usingizi, anaongea sana na moyo unamwenda mbio. Hapo ndipo kilevi cha pili kinapoitwa, kwa sababu mwili ulioamshwa kwa nguvu unahitaji kulazwa kwa nguvu.

Mdogo wangu alilazwa na gongo kwanza. Gongo ilipoanza kushindwa, akaongeza valiamu, ambayo kwa utaratibu hutolewa kwa cheti cha daktari lakini yeye aliinunua kwa kipande. Bangi ilikuwa ya mapumziko, ya kumrudishia hamu ya chakula. Alipokuja mjini Arusha kuuza mawe, akajifunza kokteli, yaani msokoto wa bangi na tumbaku ulionyunyiziwa unga wa heroini. Sigara ilipita katikati ya vyote hivyo na hakuna aliyewahi kuihesabu. Kwa hiyo vilevi vyake vilikuwa vimekaa kama mafiga: kila kimoja kilishikilia kingine, na ukiondoa kimoja chungu hakibaki palepale, kinamwagika. Siku alizokosa valiamu alikunywa gongo maradufu. Siku alizokosa fedha ya mirungi alilala mpaka jioni na kuamka na huzuni nzito, kisha akatafuta kokteli ya kuitoa huzuni hiyo. Anayetaka kumtibu mtu wa namna hii lazima kwanza aelewe kila kilevi kilikuwa na kazi gani, kwa saa gani, na baada ya kipi.

Mahali pa kwanza tulipompeleka, ambapo sitapataja, tuliulizwa swali moja tu: "Anakula unga?" Tukaeleza kuhusu kokteli, na kabla hatujafika kwenye gongo akawa ameshaandikwa kuwa mtu wa unga. Walimpa kitanda, wakachukua simu yake, wakatuambia kwamba arosto, yaani mateso ya mwili unaponyimwa kilevi, itamtesa siku chache halafu itapita, kwa hiyo tusipokee simu zake za kuomba kurudi nyumbani. Maelezo hayo yana ukweli kwa mtu mwenye unga peke yake. Arosto ya heroini huanza ndani ya siku moja tangu kete ya mwisho, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Mifupa inauma, kamasi zinatiririka, tumbo linaharisha, vinyweleo vinasimama, na mgonjwa anaweza kuapa kwamba afadhali afe. Lakini mtu ambaye hana ugonjwa mwingine mkubwa, akipata maji ya kutosha na uangalizi, ni nadra kufa kwa arosto hiyo.

Pombe ina tabia nyingine kabisa, na valiamu inafanana nayo. Ubongo unaonyweshwa kila siku kitu cha kuutuliza hujiongezea msisimko wake wenyewe ili uendelee kufanya kazi. Siku kituliza kinapoondolewa kwa mkupuo, msisimko ule unabaki bila cha kuuzuia. Mikono huanza kutetemeka saa chache tu baada ya glasi ya mwisho, na degedege linaweza kumshika mtu ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuanzia siku ya pili au ya tatu wengine huingia katika hali ya kuweweseka, wakiona wadudu ukutani na kusikia watu wasiokuwepo, huku joto la mwili na mapigo ya moyo yakipanda, na hali hiyo ikiachwa bila tiba huua. Valiamu huchelewa zaidi, kwa kuwa hukaa mwilini muda mrefu, na hatari yake inaweza kujitokeza siku kadhaa baadaye, wakati watu wameshaanza kupongezana kwamba mgonjwa ametulia.

Mdogo wangu alianza kutetemeka siku ileile aliyoingia. Wakasema ni arosto ya unga. Usiku uliofuata alishikwa na degedege, akauma ulimi, akajikojolea. Waliokuwa zamu walijaribu kumwingiza kijiko mdomoni, jambo ambalo halitakiwi kabisa, kwa sababu linavunja meno na linaweza kuziba njia ya hewa. Mtu mwenye degedege hulazwa ubavu, vitu vigumu vikaondolewa karibu naye, na akawahishwa hospitalini. Baadhi ya wenzake walianza kukemea mapepo. Siwalaumu wenzake, kwa kuwa nao walikuwa wagonjwa, lakini wenye nyumba walipaswa kujua, na hasira yangu juu ya usiku ule bado sijaimaliza.

Hospitalini tulipokelewa na muuguzi wa makamo ambaye aliuliza maswali kwa sauti ya chini na bila haraka. "Dada, hapa hatukamati mtu," aliniambia. "Nitajie vyote, hata ugoro. Nitajie na vile unavyovishuku tu." Nilikuwa nimebeba katika mfuko wa rambo vitu nilivyovikuta chini ya godoro lake: vijiti vya mirungi vilivyokauka, kiberiti cha gesi, na kipande cha pakiti ya vidonge, ile yenye vishimo vya kubonyeza, kilichokatwa kwa mkasi hata jina la dawa likabaki herufi za mwisho tu, "zepam". Muuguzi alikishika kipande kile, akakigeuza kwenye taa, akaniuliza vidonge vilikuwa na rangi gani na kama mdogo wangu alivimeza kabla au baada ya kunywa. Kisha akaondoka nacho kwenda kumwonyesha daktari. Mpaka leo naamini kwamba kipande kile cha pakiti kilifanya kazi kubwa kuliko maelezo yangu yote, na ndiyo maana namshauri kila ndugu kwamba kabla hujafagia chumba cha mgonjwa na kutupa takataka zake kwa hasira, zikusanye uzibebe.

Maswali ya muuguzi yule hayakuwa ya kubuni kichwani. Shirika la Afya Duniani lina dodoso liitwalo ASSIST, lenye maswali 8, ambalo humpitisha mgonjwa kwenye tumbaku, pombe, bangi, kokeini, vichangamshi vya jamii ya amfetamini, vitu vya kunusa kama gundi, vidonge vya usingizi, vitu vya kuleta maruweruwe, na dawa za jamii ya heroini, kisha likaacha nafasi ya kilevi kingine chochote. Kila kilevi hupata alama zake, na alama hizo huonyesha ni kipi kinahitaji ushauri mfupi na kipi kinahitaji tiba kamili. Halihitaji mashine wala maabara. Hapa Moshi tunapo hata mahali pa kuanzia: watafiti wa hospitali ya KCMC na wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani waliandaa mazungumzo mafupi waliyoyaita "Punguza Pombe Kwa Afya Yako", ambayo muuguzi huyafanya na majeruhi waliofika idara ya dharura. Ni mpango ninaouheshimu sana, kwa kuwa unamkuta mnywaji siku ambayo mwenyewe ameona madhara. Ningependa siku moja mazungumzo ya aina hiyo yafanyike kwa vilevi vyote, kwa maana yule aliyeanguka na bodaboda akiwa amelewa mara nyingi alikuwa ametafuna mirungi kwanza.

Matibabu yenyewe yalitushangaza. Mama yangu alipoona kwamba mwanawe anapewa diazepamu, ambayo ndiyo valiamu yenyewe, aliuliza kwa uchungu kwa nini wanampa kilekile kilichomharibu. Daktari alimweleza kwa heshima: "Mama, hiki ndicho kinachomzuia asishikwe tena. Tutampa cha kutosha, halafu tutapunguza kidogokidogo, na funguo za kabati tunazo sisi." Dawa hiyo moja ilikuwa ikibeba mizigo miwili, wa gongo na wa valiamu, na ilipunguzwa polepole kuliko ambavyo ingepunguzwa kwa mnywaji wa pombe tu. Alichomwa pia sindano ya vitamini B1 kabla ya kuwekewa dripu ya glukosi, kwa sababu wanywaji wa muda mrefu wasiokula vizuri huwa wameishiwa vitamini hiyo, na sukari ikiingia mwilini bila vitamini B1 inaweza kuuumiza ubongo kwa namna isiyorekebishika. Maumivu ya unga yalitulizwa kwa dawa za maumivu, za tumbo na za kichefuchefu. Mirungi na bangi viliachwa palepale bila kidonge chochote, isipokuwa uangalizi wa hali yake ya moyo.

Kwa hiyo vyote viliachwa kwa pamoja, ila kila kimoja kwa mwendo wake. Jambo hili nililielewa polepole, na ninaliona kuwa kiini cha tiba yote. Wengi wakisikia "kutibu vyote kwa pamoja" hudhani maana yake ni kuvikata vyote kwa siku moja. Maana yake ni kuvijua vyote siku ya kwanza, kisha kupanga kipi kinaua kikikatwa ghafla, kipi kinatesa tu, na kipi kitamrudisha mtu mtaani baadaye kikiachwa bila kutazamwa.

Ziko dawa ambazo zikitolewa bila orodha kamili huwa sumu. Naltreksoni hutumika kumsaidia mtu kupunguza hamu ya pombe, lakini hufanya kazi kwa kuziba milango ileile ya ubongo ambayo heroini huitumia. Ukimpa mnywaji ambaye hujui kwamba jana alivuta unga, utamtumbukiza kwenye arosto kali ndani ya muda mfupi, na mtu aliyeko kwenye methadoni hatakiwi kupewa kabisa. Methadoni yenyewe, ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011 na ambayo imeokoa watu wengi wa unga katika nchi hii, huanzishwa kwa dozi ndogo, kwa kawaida isiyozidi miligramu 30, kwa sababu hupunguza kasi ya kupumua. Pombe hupunguza kasi hiyohiyo. Valiamu vilevile. Kila kimoja peke yake kinaweza kuwa katika kiwango ambacho mtu amekizoea, lakini vitatu vikikutana usiku mmoja pumzi husinzia pamoja na mwenyewe. Naloksoni, ile dawa ya kumwamsha aliyezidisha dozi, huondoa nguvu ya heroini, methadoni na dawa nyingine za jamii yao tu. Haiigusi pombe wala valiamu, na kwa hiyo aliyechanganya anaweza kupewa naloksoni na bado akahitaji kusaidiwa kupumua.

Wanaapolo wana jambo lao la ziada, nalo ni kifua. Vumbi la migodini huwaweka karibu sana na kifua kikuu, na wengi wao wanaijua njia ya kwenda Hospitali ya Kibong'oto kule Siha. Rifampisini, ambayo ni mhimili wa tiba ya kifua kikuu, huliharakisha ini kuivunja methadoni, hata mgonjwa aliyekuwa ametulia kwa dozi yake akajikuta na arosto katikati ya tiba, na asipoelewa sababu atarudi kwenye kete akidhani methadoni imemshinda. Dozi inaweza kuongezwa na tatizo likaisha, mradi kliniki mbili hizo zimeambiwa kila moja habari za mwenzake. Mdogo wangu alipimwa makohozi, tukashukuru kwamba hakuwa na kifua kikuu, lakini niliwaona pale wodini vijana ambao walikuwa wakimeza dawa za kifua kikuu na kuwaficha wauguzi habari za unga kwa kuogopa polisi.

Na tramadoli nisiisahau, kwa sababu vijana wengi wanaichukulia kuwa kidonge cha maumivu tu. Ni dawa ya jamii moja na heroini, na pamoja na hayo inaweza yenyewe kuleta degedege. Mtu anayeachishwa pombe, ambaye tayari yuko karibu na degedege, akijitibu maumivu kwa tramadoli aliyoletewa na rafiki, anajiongezea hatari mara mbili.

Alipotoka wodini, mwili ulikuwa umesafishwa, lakini kazi ndefu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Wiki za mwanzo alilala mno. Baba yetu, ambaye ni mtu wa kuamka alfajiri na kushika jembe, aliona ni uvivu, na maneno makali yakaanza kusikika mezani. Ilibidi daktari aeleze kwamba mtu aliyekuwa akiamshwa na mirungi kwa miaka mingi hulala hivyo, huota ndoto mbaya, hukosa raha hata kwa mambo aliyoyapenda, na kwamba kipindi hicho kinatakiwa kutazamwa kwa makini kwa sababu wengine hufikiria kujiua. Hakuna kidonge kilichokubalika rasmi kwa ajili ya uraibu wa vichangamshi. Kilichoonyesha matokeo mazuri katika tafiti ni ushauri wa mara kwa mara pamoja na utaratibu wa kumtuza mtu kwa zawadi ndogo za papo kwa hapo kila anapothibitisha kwamba hajatumia. Sisi tulifanya kwa namna yetu: kila Jumamosi alipotoka kwenye ushauri na kadi yake imesainiwa, baba alimpa mayai ya kuku wa kisasa akauze, na fedha ikawa yake. Baba ndiye aliyependekeza. Ninamheshimu kwa hilo kuliko kwa mashamba yote aliyotulimia.

Wapo wanaodhani kwamba kipimo cha mkojo kinatosha kuonyesha kama mtu amepona. Bangi huacha alama zinazoweza kuonekana kwa wiki kadhaa kwa aliyekuwa akivuta kila siku, lakini pombe huondoka baada ya saa chache, na kipimo cha kawaida hakitafuti kila kilevi. Nimekutana na familia iliyofurahia kipimo safi mwezi baada ya mwezi huku mgonjwa akiwa ameuhamishia uraibu wake wote kwenye gongo, na hakuna aliyejali kwa sababu gongo haikuwa kwenye karatasi ya majibu. Hivi ndivyo watu walioshinda unga wanavyokuja kufa kwa ini.

Hapa ndipo lazima nizungumzie mbege, na ninajua kwamba wazee watanikasirikia. Mbege kwetu ina heshima yake. Ndizi mbivu huchemshwa, huchachushwa, huchanganywa na ulezi uliooteshwa na kusagwa, na gome la msesewa hutiwa ili kuipa uchungu wake. Hakuna posa inayokamilika bila mbege, wala tambiko, wala maziko ya mzee. Ndugu wanaorudi kwa Krismasi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko huipokea kata kwa mikono miwili kama baraka, na kuikataa ni kuwakataa walioipika. Kwa hiyo mtu aliyetoka kutibiwa unga anapewa kata na shangazi zake kwa upendo kabisa, akiambiwa kwamba mbege ni chakula na pombe ya wazee haijawahi kumharibu mtu. Ni pombe. Narcotics Anonymous, wale waraibu waliojikusanya California mwaka 1953 ili kusaidiana kuacha na ambao mikutano yao inafuatwa na soba hausi nyingi nchini, wanaihesabu pombe pamoja na dawa nyingine zote za kulevya, na kwa mtu aliyekuwa na vilevi vingi nakubaliana nao bila shaka yoyote. Kwa mdogo wangu, pombe ndiyo iliyokuwa karibu kumuua.

Desemba ya kwanza baada ya kutibiwa, mama alimwendea mzee wa ukoo mapema, wiki kadhaa kabla ya wageni kufika, akapiga magoti, akamweleza. Mzee aliamua kwamba kijana atapewa togwa katika kata ileile ya mbege, na atapewa yeye mwenyewe mzee kwa mkono wake, ili asiwepo mwingine wa kuhoji. Ilifanyika hivyo mbele ya watu wote. Familia zinazosema kwamba mila haziruhusu nazisihi ziwaulize wazee kwanza, kwa sababu wazee wengi wamezika wajukuu na wanaelewa kuliko tunavyowadhania.

Ninaposema kwamba vilevi vyote vitazamwe, simaanishi kwamba mtu afukuzwe kwenye tiba kwa sababu kimoja kimebaki. Nimewahi kumwona kijana aliyekuwa akiendelea vizuri, hana unga, hana gongo, akaondolewa mahali alipokuwa akihudumiwa kwa sababu alikutwa akivuta bangi. Alirudi maskani, na mwili wake ulikuwa umeshapoteza uzoefu wa dozi za zamani. Aliyekaa miezi bila heroini kisha akarudi kwa kipimo kilekile cha zamani yuko karibu zaidi na kifo kuliko alivyokuwa siku ya kuingia, na akiongeza pombe juu yake, ukaribu huo unazidi. Bangi yake ilistahili kuzungumzwa, kuwekewa mpango, hata kuwekewa masharti. Haikustahili kumgharimu kitanda.

Sasa tumefika kwenye sigara. Kwa muda mrefu waliokuwa wakimhudumia walisema aachwe na sigara zake, kwamba ameshaacha mengi na moyo wake hautahimili kuacha na hiyo. Ni ushauri wa huruma, lakini ushahidi hauuungi mkono. Uchambuzi wa tafiti 19 uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulionyesha kwamba watu waliosaidiwa kuacha sigara wakiwa bado wanatibiwa pombe au dawa nyingine za kulevya walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 25, wa kubaki bila pombe na dawa hizo kwa muda mrefu. Kwa mdogo wangu nimeliona kwa karibu: kokteli ilikuwa ni sigara kabla ya kuwa kitu kingine, na kila anapowasha moja baada ya chakula cha usiku, vidole vyake vinausokota ule mwili wa sigara kwa namna ileile aliyokuwa akisokota msokoto. Amelisema mwenyewe kwa mshauri wake, bila kuulizwa. Wamekubaliana kwamba aanze kwa kuiacha sigara hiyo ya usiku, ndiyo ya kwanza kuondoka, na mke wake ameahidi kwamba saa hiyo watakuwa wakitembea pamoja mpaka Kiborloni na kurudi.